Staa Aombe Radhi: Gari la Nitro Halikuwa Bovu, Lilinyimwa Mafuta

Wiki hii nzima mtandaoni ni video moja tu. Staa mmoja mkubwa wa Bongo Fleva, jina libaki kapuni ingawa kila mtu ameshamjua, kasimama ufukweni Dar, rimoti mkononi, na mbele yake gari dogo la nitro limezima kwenye mchanga. Hasira hazijapoa, akageuza kamera usoni kwake: kapigwa, kauziwa mzigo mbovu. Hakuishia hapo. Akaitaja akaunti ya dogo aliyemuuzia na kuwaambia mashabiki waende wakamsalimie.

Mashabiki wakaenda kumsalimia kweli.

Ndani ya siku mbili ukurasa wa dogo, ambao ulikuwa wa magari ya rimoti na watoto wanaocheka, ukajaa matusi. Tapeli. Mwizi. Wapo waliomtukania mpaka mama yake. Wateja wawili waliokuwa wameshalipa advansi wakataka hela yao irudi. Mzazi mmoja aliyekuwa anampeleka mwanawe kila Jumamosi kujifunza ufundi akaandika hadharani kwamba mtoto haendi tena. Dogo ana miaka 22, amepanga chumba kimoja Temeke, na kazi yake ni hiyo hiyo: ananunua magari ya nitro yaliyotumika yanayotoka Dubai, anayafungua, anayasafisha, anayawekea pistoni na silinda mpya, anayaseti na kuyauza. Jina lake likichafuka, hana duka lingine la kukimbilia.

Sasa ukweli usemwe hata kama utauma. Gari lile lilitoka kwa dogo likiwa zima. Likaharibiwa njiani na watu waliokuwa na haraka ya kupata video kali. Na ushahidi wala hauhitaji kutafutwa mbali, upo kwenye video tatu za staa mwenyewe, zote bado ziko hewani.

Injini ndogo, masharti makubwa

Wengi waliotoa hukumu kwenye komenti hawajawahi kuishika injini ya nitro, na hilo sio kosa, maana sio kitu cha kila mtaa. Basi kwanza kieleweke ni kitu gani.

Gari lenyewe ni lile la matairi makubwa, linaruka matuta, lina injini ya sentimita za ujazo 3.5. Injini nzima inaenea kwenye kiganja. Ni ya stroku mbili, lakini haina plagi ya cheche kama bodaboda. Ina glo plagi, yaani plagi yenye kijiwaya chembamba chenye platinamu. Wakati wa kuwasha unakipa moto kwa betri ya volti 1.5 hivi mpaka kinang'aa rangi ya chungwa. Injini ikishawaka unaondoa betri, na waya unaendelea kuwa wa moto wenyewe, kwa sababu ya joto la ndani na kwa sababu platinamu ikikutana na mvuke wa methanoli inauchochea uungue. Teknolojia hii aliiingiza sokoni Mmarekani Ray Arden mwaka 1947, na mpaka leo haijabadilika sana.

Mafuta yake hayauzwi sheli. Ni mchanganyiko wa methanoli, nitromethani na oili. Chupa aliyopewa staa ilikuwa na nitro asilimia 20. Kwa wale walioandika "si angeweka petroli na oili ya 2T tu", hapana. Glo plagi inategemea methanoli, na ile mipira laini ya mafuta ikikutana na petroli inavimba na kuharibika. Ukifuata ushauri huo umeua injini kwa njia nyingine.

Hapo kwenye mafuta ndipo kesi nzima ilipolala. Injini hii haina sehemu ya kuweka oili pembeni. Oili yote imo ndani ya mafuta. Tena yale mafuta yanayopita ndiyo yanayoipoza kwa ndani, huku inazunguka zaidi ya mara 30,000 kwa dakika. Bodaboda ya kawaida haifiki hata nusu ya hapo. Kwa hiyo ukipunguza mafuta ili gari likimbie, umepunguza oili na umepunguza ubaridi kwa pigo moja. Fundi yeyote wa nitro anajua: injini iliyozidishiwa mafuta itakukera, injini iliyonyimwa mafuta itakufa mikononi.

Na dalili rahisi kuliko zote ni moshi. Moshi wa bluu mwembamba nyuma ya gari maana yake oili inapita. Usipouona, anza kuogopa.

Video tatu, hadithi moja

Video ya kwanza ni siku ya makabidhiano. Gari linatembea taratibu, moshi mwingi, staa anacheka na kuuliza kama ni gari au jiko la mahindi ya kuchoma. Nyuma ya kamera dogo anasikika kabisa: "Kaka, matangi matano ya mwanzo twende nalo polepole. Huo moshi ndio wenyewe."

Alikuwa sahihi. Pistoni na silinda vilikuwa vipya. Kwenye injini hizi silinda inabana kidogo kwa juu, na injini ikiwa ya baridi pistoni inakwama pale mpaka unaweza kudhani imekufa. Imetengenezwa hivyo makusudi, ikipata joto vinakaa sawa. Lakini lazima vizoeane kwanza. Matangi ya mwanzo unayaendesha mafuta yakiwa mengi, bila kuvuta resi mpaka mwisho kwa muda mrefu, na kila tangi likiisha unaiacha injini ipoe. Waendesha bodaboda wanalielewa hili. Nani anatoa pikipiki dukani na siku hiyo hiyo anaipeleka Chalinze mwendo wa mwisho?

Kitu kingine cha kuangalia kwenye video hiyo ni alama. Dogo aliweka nukta ya rangi nyeupe ya kucha kwenye kichwa cha skrubu kubwa ya kabureta, ile inayopima mafuta ya mwendo mkali. Nukta imeelekea mbele ya gari. Ni ujanja wa fundi: ukiichokoza skrubu, utajua umeitoa wapi.

Video ya pili ni Arusha. Staa alikwenda na shoo yake, akalibeba gari, akataka kuwaonyesha mashabiki uwanjani. Gari likawa zito. Moshi ndo ukazidi, likivuta resi linakohoa. Timu ikaanza kununa, kamera zinasubiri. Anatokea jamaa mmoja wa timu na bisibisi, anaizungusha ile skrubu kuelekea kulia kama anafunga kizibo cha chupa ya soda. Nusu mzunguko kwa mkupuo mmoja, na video inaonyesha anarudia tena kidogo. Gari likapata kichaa. Likaruka, likachimba nyasi, watu wakapiga kelele. Video ikatrend, na staa akamsifia dogo kwamba anajua kazi.

Kumbuka sifa ile. Gari hilo hilo, wiki moja kabla ya matusi.

Video ya tatu ndiyo hii ya Dar, ufukweni, mchana, jua kali. Iangalie tena ukiwa umepunguza hasira. Nyuma ya gari hakuna moshi hata uzi. Staa anapoachia resi, silensa haishuki. Injini inaendelea kupiga kelele juu sekunde mbili tatu ndipo inarudi chini. Halafu inapovutwa mpaka mwisho, inapaa sauti nyembamba kama nzi aliyenaswa na inazima ghafla. Wanaiwasha, inawaka kwa shida, inarudia vile vile. Mara ya tatu haiwaki tena. Na ile nukta nyeupe? Kamera inasogea karibu, nukta imeangalia nyuma ya gari. Pale pale ilipoachwa Arusha.

Hakuna moshi, silensa inaning'inia, inazimia kwenye mwendo mkali. Dalili tatu, ugonjwa mmoja. Injini inakosa mafuta.

Arusha sio Dar

Hapa ndipo wengi waliponasa. Hoja yao kubwa ni kwamba gari lilifanya vizuri Arusha, kwa hiyo likifa Dar basi lilikuwa na ubovu uliofichwa. Inasikika kama hoja, mpaka ukumbuke kwamba injini inapumua.

Arusha mjini iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Kule juu hewa ni nyepesi. Kabureta iliyosetiwa Dar ikipandishwa Arusha, hewa inayoingia inapungua uzito lakini mafuta yanaendelea kuja kwa wingi ule ule. Matokeo yake mafuta yanaizidi hewa, gari linakuwa zito na linakohoa moshi. Ndicho walichokiona pale uwanjani. Jumlisha kwamba dogo alikuwa ameliwekea mafuta mengi makusudi kwa sababu ya upya, unapata ule moshi wa jiko la mahindi mara mbili.

Kupunguza mafuta kidogo Arusha kulikuwa na mantiki yake, hapo jamaa wa bisibisi asionewe. Kosa lake la kwanza ni kipimo. Skrubu ile inaguswa robo ya nusu, yaani moja ya nane ya mzunguko, halafu unaendesha, unaangalia, unasikiliza, ndipo unaamua tena. Kosa la pili ni kusahau. Waliposhuka Dar walirudi kwenye hewa nzito ya usawa wa bahari. Hewa imeongezeka, mafuta yamebaki yale ya kubana ya Arusha. Ni kweli joto na unyevu wa Dar unaifanya hewa iwe nyepesi kidogo, lakini hauwezi kufuta tofauti ya mita 1,400. Na juu ya hapo jua lenyewe linaichelewesha injini kupoa.

Kwa maneno mepesi: walimfunga mtu pua Arusha kwa sababu ya baridi, wakamkimbiza Dar saa 8 mchana bila kumfungua.

Au dogo alificha kitu?

Haki itendeke pande zote. Dalili za kukosa mafuta zinaweza kuletwa na mambo mengine yasiyohusu skrubu. Mpira wa mafuta ukitoboka hata tundu la sindano, injini inavuta hewa badala ya mafuta. Kifuniko cha tangi kisipokaza, presha inapotea, kwa sababu tangi la gari hili linasukumwa na presha inayotoka kwenye ekzosi kwa mpira mdogo. Oringi ya shingo ya kabureta ikichoka, hewa inaingia kwa wizi. Kama kimojawapo kilikuwepo tangu mwanzo, dogo ana kesi ya kujibu.

Lakini gari lenye kasoro hizo lisingetoa moshi ule mzito siku ya makabidhiano, wala Arusha kabla ya bisibisi kuingia. Na timu ya staa ilipomrudishia dogo gari, likiwa kwenye boksi na mchanga wake, alilifungua laivu. Waliokuwa wanaangalia hawakufika hata 200. Matusi yalipata maelfu, ukweli ukapata watu wa daladala nne.

Kwenye laivu ile alianza na mpira wa mafuta, akauziba upande mmoja, akaupuliza ndani ya kikombe cha maji. Hakuna povu. Kifuniko cha tangi kizima. Akafungua glo plagi: waya umepinda na umepauka, hauna mng'ao. Plagi ya injini inayopata mafuta vizuri waya wake unang'aa na umelowa kidogo. Akafungua chujio la hewa: sponji kavu kabisa, haina hata tone la oili, mchanga umejaa. Dogo alikuwa ametoa na kichupa cha oili ya kulowesha sponji hiyo, na kichupa hakikufunguliwa. Mwisho akazungusha injini kwa mkono ikiwa ya baridi. Pale juu ilipotakiwa kukwama, ikapita laini kama inatelezea kwenye siagi. Kompresheni imekwenda. Pistoni ina michirizi ubavuni.

Mchanga na ukame wa oili, kwa pamoja. Hakuna injini ya hivyo inayopona.

Ingetakiwa iwe hivi

Wapo vijana wengi mjini wameanza kuyapenda magari haya, na hii stori isiwapite hivi hivi.

Kwanza ipashe moto injini kabla ya kugusa skrubu yoyote. Kuseti injini ya baridi ni kujidanganya, kwa sababu ikipata joto kila kitu kinabadilika.

Anza na skrubu kubwa ya mwendo mkali. Kulia inapunguza mafuta, kushoto inaongeza. Likimbize gari mara mbili tatu. Likiwa zito na moshi mwingi, punguza moja ya nane. Likiwa linakwenda kali bila moshi, ongeza mara moja, usisubiri lizime. Unatafuta gari linalokimbia vizuri huku likiacha uzi wa moshi nyuma. Ukifika pale linapokimbia kuliko siku zote, rudisha kushoto kidogo. Ile kasi ya mwisho kabisa ndiyo inayokula pistoni.

Halafu njoo kwenye skrubu ndogo ya mwendo wa chini. Gari likiwa limesimama linanguruma, bana mpira wa mafuta karibu na kabureta kwa vidole. Injini inatakiwa iongeze mlio kidogo na kuzima baada ya sekunde 3 hivi. Ikizima hapo hapo, mafuta ya chini ni machache. Ikiendelea sekunde 6, 7, ni mengi. Silensa yenyewe unaimalizia mwisho, kwa skrubu yake.

Joto usilikadirie kwa macho. Wenye kipima joto wanalenga pale juu ya injini karibu na plagi, na nyuzi 100 hadi 120 za Selsiasi ni salama kwa injini nyingi za aina hii. Usiyenacho, dondosha tone la maji juu ya kichwa cha injini. Likichemka na kuisha taratibu kwa sekunde 3 mpaka 5, uko sawa. Likitoweka kwa mlipuko papo hapo, simamisha gari, ongeza mafuta. Likikaa tu pale linakuangalia, injini bado ya baridi au imezidiwa mafuta.

Na gari likikataa kuwaka, usikimbilie kabureta. Mara nyingi shida ni plagi au betri ya kuwashia. Toa plagi, iweke kwenye betri, uone waya wote ukiwaka rangi ya chungwa. Ukiwaka nusu, badilisha. Kamba ya kuwashia ikiwa ngumu kuvuta ghafla, usiivute kwa nguvu, injini imejaa mafuta. Toa plagi, geuza gari juu chini, vuta kamba mara kadhaa mafuta yatoke. Kuvuta kwa hasira kunaweza kuvunja vitu vya ndani.

Ukimaliza kucheza, maliza mafuta yote kwenye tangi na weka matone ya oili kwenye injini. Methanoli inanyonya unyevu, na mji wa pwani kama Dar unyevu hauombwi. Beringi zitaota kutu ukiwa umelala. Na hayo mafuta ni sumu, yanashika moto haraka, na moto wake mchana hauonekani vizuri. Kwenye video ya ufukweni kuna jamaa anavuta sigara hatua mbili kutoka kwenye chupa iliyo wazi. Hapo Mungu tu alisaidia.

Dogo naye ana lake

Kumtetea dogo hakumfanyi malaika. Maelekezo yote aliyatoa kwa mdomo na kwa voisi za WhatsApp. Hakuna karatasi hata moja iliyokuwa kwenye boksi. Mteja anayeshika nitro kwa mara ya kwanza hawezi kukumbuka voisi ya dakika 3 akiwa stejini Arusha. Ile nukta nyeupe ilikuwa na maana kubwa, lakini hakuna aliyeambiwa ni ya nini.

Tena dogo mwenyewe alikiri kwenye laivu kwamba alipoiona video ya Arusha alijua kabisa gari limebanwa. Aliona halina moshi. Alitaka kupiga simu, akaona aibu, maana staa alikuwa anamsifia na wafuasi wanaongezeka. Akanyamaza. Ule ukimya umemgharimu. Fundi anayeogopa kumwambia mteja mkubwa kwamba amekosea, atakuja kulaumiwa kwa kosa la huyo huyo mteja.

Mizani hata hivyo haiko sawa. Dogo alikosea kwa kunyamaza wiki moja. Staa alikosea kwa kupaza sauti mbele ya mamilioni bila hata kuuliza swali moja. Angepiga simu ya dakika 2, angeambiwa: kaka, rudisha nukta mbele. Basi. Gari lingekuwa linatembea mpaka leo.

Na ndio tabia ya mjini sasa. Mwenye wafuasi wengi anageuka hakimu, fundi, mashahidi na mahakama ya rufaa. Kitu kikimgomea, haulizi amekosea wapi, anatafuta nani wa kumtupia. Leo ni dogo wa nitro. Jana alikuwa dada wa kusuka aliyelaumiwa nywele kukatika wakati mteja aliweka dawa mbili kwa siku moja. Watu hawa hawana menejimenti wala mwanasheria. Wana jina tu, na jina lenyewe linategemea wateja 20 wanaoambiana.

Sasa menejimenti ya staa inataka hela yote irudi. Hela yote, kwa gari ambalo timu yake ndiyo iliyolibana skrubu, ikalipeleka mchangani na sponji kavu. Dogo asirudishe. Akirudisha atakuwa amekubali kwamba aliuza bovu, na kila mteja atakayefuata ataua injini yake kisha adai chake.

Hesabu ya haki iko wazi. Staa alipie pistoni, silinda na plagi. Dogo atoe ufundi bure, kwa sababu ya ile karatasi ambayo hakuiandika, na safari hii aiandike. Fremu, magurudumu, rimoti na kabureta ni vizima, kwa hiyo gari linafufuka. Wakutane mchana kweupe, waliendeshe matangi matano polepole, moshi utoke mpaka majirani walalamike.

Halafu radhi. Radhi isiwekwe kwenye stori inayofutika baada ya saa 24. Iwekwe kwenye ukurasa ule ule, kwa sauti ile ile, akaunti ya dogo ikitajwa vile vile, na mashabiki waambiwe tena waende wakamsalimie. Safari hii kwa adabu. Aliyepaza sauti kumchafua mtu ana deni la kupaza sauti kumsafisha, na mtoto wa Jumamosi arudi kwenye ufundi wake.

Wewe unaonaje, mdau? Staa alipe, dogo arudishe hela, au wagawane hasara nusu kwa nusu? Dondosha maoni yako hapo chini. Ila kabla hujaandika, rudi uiangalie video ya tatu, nyuma ya gari. Utafute moshi.